Biri Isiyo Kali: Jinsi Ionjwavyo, na Maana ya Upole Wake

Mazungumzo yetu ya leo yametoka katika neno moja tu, nalo ni neno ambalo mimi mwenyewe nililifasiri kwa haraka, kisha likaninyima usingizi.

Jirani yangu ni mzee mwenye heshima katika kijiji chetu. Alivuta sigara tangu ujana wake, hata kifua kikaanza kumsumbua, daktari akamkataza asiiguse tena. Akatii, ingawa kwa taabu. Baadaye mpwa wake, ambaye ni baharia, alirudi likizo akamletea zawadi: kisanduku kizuri cha mbao chenye biri kumi. Biri ninayoitaja hapa ni ile sigara kubwa, nene kama kidole gumba, isiyo na karatasi hata kidogo, bali ni majani matupu ya tumbaku yaliyokunjwa kwa mkono.

Jioni mzee akanijia na kisanduku chake, akasema, "Mwalimu, hebu nisomee maandishi haya."

Nikaona neno la Kiingereza, nikamjibu, "Shikamoo, mzee. Yasema biri hizi si kali; ni pole."

"Marahaba," akasema, na uso wake ukachangamka. "Basi Mungu amenikumbuka. Daktari alikataza sigara kali. Kitu cha upole hakukikataza."

Akaenda zake kwa furaha. Nami nikabaki kibarazani nikiona kwamba neno nimelifasiri sawasawa, lakini maana yake sikuieleza. Alfajiri nilipiga hodi kwake nikamwomba asiwashe hata moja mpaka nisome zaidi na kuuliza wanaojua. Akakubali. Haya nitakayowaambia leo ndiyo niliyomweleza yeye.

Kwanza, tujue biri ni kitu gani. Mwaka 1492, mabaharia wa Christopher Columbus walipofika Cuba, waliwakuta wenyeji wa kisiwa hicho, Wataino, wakivuta moshi wa majani yaliyokunjwa. Kutoka huko tumbaku ikasambaa duniani kote, na namna ile ya kukunja majani matupu haikupotea. Biri iliyotengenezwa vizuri ina sehemu tatu. Ndani kabisa mna majani kadhaa yaliyokunjwa kwa urefu, yasiyokatwakatwa; hayo ndiyo mwili wake. Kisha liko jani moja imara linaloyafunga yasitawanyike. Hilo ni kama shati. Mwisho liko jani la nje, laini na zuri kuliko yote. Hilo ni kama kanzu. Mtu huiona kanzu kwanza, lakini tabia ya biri hutoka katika sehemu zote tatu pamoja.

Sasa upole wake hutoka wapi? Watu wengi hudhani ni dawa inayotiwa, au ni tumbaku iliyochanganywa na kitu kingine. Sivyo. Upole hutengenezwa shambani na ghalani, kwa subira nyingi.

Mti wa tumbaku hauna majani ya namna moja. Wakulima wa Cuba hugawanya majani ya ndani ya biri katika mafungu matatu. Majani ya chini huitwa volado. Hayo huwaka upesi na hayana nguvu nyingi. Majani ya kati huitwa seco. Hayo yana harufu nzuri. Majani ya juu huitwa ligero. Hayo hupigwa na jua zaidi, ni mazito, huwaka polepole, nayo yana ile nguvu inayoitwa nikotini kuliko wenzao. Basi fundi atakaye biri isiyo kali hutumia zaidi majani ya chini na ya kati, na yale ya juu hutia machache sana au hatii kabisa. Ni kama mama anayepika mchuzi wa watoto: pilipili anazo, lakini anajua kiasi.

Jani la nje nalo lina habari yake. Katika bonde la mto Connecticut, huko Marekani, wakulima wa karne ya 19 walishindwa na majani mepesi ya kupendeza yaliyotoka kisiwa cha Sumatra. Wakatafuta njia ya kulima jani kama hilo kwao. Mwaka 1900, katika mji wa Windsor, walilima tumbaku chini ya mahema makubwa ya kitambaa chembamba, ili jua kali lisiipige moja kwa moja. Jani lililoota kivulini likawa pana, jembamba na laini, na mishipa yake haikutokeza. Jambo hili si geni kwetu: waliolima kahawa chini ya migomba, huko Kilimanjaro na Bukoba, wanajua jinsi kivuli kinavyobadili mmea. Hata leo biri nyingi zisizo kali huvikwa jani la mbegu ile ya Connecticut, lenye rangi ya hudhurungi isiyoiva sana, kama chai iliyotiwa maziwa. Nyingine ya mbegu hiyohiyo hulimwa Ecuador, ambako mawingu yenyewe hufanya kazi ya hema.

Kazi ya mashamba yale ilitaka mikono mingi, maana majani huchumwa machache machache, kuanzia ya chini, kadiri yanavyoiva. Wanafunzi wengi walikwenda kuifanya wakati wa likizo ili wapate ada. Mmoja wao alikuwa Martin Luther King, yule aliyekuja kuwa mtetezi mashuhuri wa haki za watu weusi wa Marekani. Alifanya kazi katika shamba la tumbaku huko Simsbury, Connecticut, mwaka 1944, akiwa kijana wa miaka 15.

Majani yakisha kuchumwa hutungwa na kuanikwa katika mabanda marefu yenye kupitisha hewa, yakauke taratibu kwa upepo tu. Hapa wasikilizaji wa Tabora na Urambo watasema, "Mbona sisi hukausha kwa moto?" Ni kweli. Tumbaku ya Tabora hukaushwa kwa joto linalopita katika mabomba, na ile ya Songea kwa moshi wa moto wenyewe. Kila namna ina kazi yake. Ile ya mabomba hubaki na sukari nyingi, nayo hutumika hasa kwa sigara za karatasi. Ile iliyokaushwa kwa upepo hupoteza sukari karibu yote. Tofauti hii ikumbukeni, kwa maana tutairudia.

Baada ya kukauka, majani hulundikwa chungu kubwa na kuvundikwa. Mnajua ndizi zikivundikwa hupata joto na kubadilika. Ndivyo tumbaku nayo. Katikati ya chungu joto hupanda lenyewe, pengine hata digrii 40 na zaidi, kuliko joto la mwili wa binadamu. Wafanya kazi huichungulia kila mara, na joto likizidi huivunja chungu, ya ndani wakayaweka nje na ya nje ndani. Katika joto hilo ule ukali unaowasha pua, unaonuka kama mkojo wa zizini, hutoka na kwenda zake. Uchungu hupungua, na nikotini nayo hupungua kiasi. Jani lililoharakishwa hapa halitakuwa pole, hata livikwe kanzu nzuri namna gani. Kisha majani huwekwa tena kwa miezi, pengine kwa miaka, ndipo yanapofika kwa mkunjaji.

Siku hizi nchi inayojulikana sana kwa biri zisizo kali ni Jamhuri ya Dominika, hasa bonde la Cibao na mji wa Santiago. Mafundi wengi wa Cuba waliihama nchi yao baada ya mapinduzi ya mwaka 1959, na mwaka 1962 Marekani ilipiga marufuku bidhaa za Cuba; basi ujuzi ule ukaota mizizi katika nchi za jirani.

Hapa nitasema neno dogo litakalotupendeza sisi watu wa redio na vitabu. Kukunja biri ni kazi ya kukaa kitako kutwa nzima, mikono ikifanya kazi na masikio yakiwa bure. Mwaka 1865, mjini Havana, wafanya kazi walianza kumweka mtu awasomee kwa sauti wakati wakikunja, nao wenyewe wakamlipa kutoka mishahara yao. Aliwasomea magazeti na hadithi. Husemwa kwamba biri iitwayo Montecristo, iliyoanza mwaka 1935, ilipata jina lake katika hadithi ya Alexandre Dumas iliyopendwa na wakunjaji hao. Kwa hiyo watu wengi wasiojua kusoma walizifahamu habari za dunia wakiwa na majani ya tumbaku mikononi.

Sasa tuje kwenye kuonja. Nawaambia haya mpate kufahamu jinsi wajuzi wanavyoipima biri, kama vile mtu anavyoweza kufahamu kazi ya waonjaji wa kahawa au chai. Kwa wanafunzi wanaonisikiliza, ni maarifa tu, si ruhusa.

Mjuzi huanza kwa macho. Hutazama jani la nje kama rangi yake ni moja tangu mwanzo hata mwisho, na kama limelala vizuri bila mikunjo. Kisha huibonyeza taratibu kwa vidole viwili. Biri njema hujibu kidogo, kama mkate uliookwa leo. Ikivunjika kwa sauti, imekauka mno; ikibonyea kama tope, ina unyevu mno. Ndiyo maana biri hutunzwa katika visanduku vya mbao yenye harufu ya mwerezi, na hewa yake huwekwa katika unyevu wa asilimia 65 hadi 70.

Kisha hutumia pua. Huinusa kabla ya kuwasha. Biri isiyo kali hunukia kama nyasi kavu na mbao iliyopigwa randa. Ndipo hukata kipande kidogo sana cha kichwa chake, huiweka mdomoni bila moto, na kuvuta hewa. Hewa ikipita kwa urahisi, imekunjwa vizuri. Isipopita, mkunjaji amejaza mno.

Kuwasha nako kuna adabu yake. Mjuzi hatumii moto wa mafuta ya taa, maana harufu yake huingia ndani. Huwasha njiti ya kiberiti, huingoja baruti yake iishe kwanza, kisha huuweka moto karibu na biri bila kuigusa, akiizungusha mpaka mdomo wake wote upate joto sawasawa. Akisha kuwasha, havuti kwa haraka. Pumzi moja kwa dakika moja yatosha. Akiharakisha, biri hupata moto mno, na hata ile pole kabisa hugeuka kuwa chungu. Tena moshi haumezwi. Hukaa kinywani kidogo, kisha hutolewa, na sehemu ndogo hupitishwa puani.

Kwa nini puani? Hapa pana somo ambalo kila mtu aweza kulijaribu nyumbani bila tumbaku yo yote. Ziba pua yako kwa vidole, weka kinywani mdalasini kidogo, utafune. Utaona utamu hafifu tu, wala hutajua kama ni mdalasini. Sasa fungua pua. Mara moja mdalasini wote unakuja! Ulimi hujua mambo machache: tamu, chachu, chumvi, uchungu, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni kazi ya pua, inayopokea harufu kutoka nyuma ya kinywa.

Kwa njia hiyo mjuzi hupata katika biri isiyo kali vitu kama hivi: mkate uliookwa, korosho za kukaanga, maziwa mazito, mbao ya mwerezi, na kwa mbali asali. Vitu hivyo havikutiwa ndani. Ni mfano tu, kama tusemavyo kwamba embe fulani lina harufu ya ubani. Biri moja huchukua dakika 45 hata saa nzima, na ladha yake hubadilika njiani. Theluthi ya kwanza ni nyepesi; ya pili hukamilika, vile vitu vyote vikasikika pamoja; ya tatu huanza kuwa nzito, kwa sababu mafuta ya moshi hukusanyika. Mwenye adabu huiacha ikiwa bado yapendeza, hangoji imchome vidole.

Pia mjuzi hutofautisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Tuchukue mfano wa chai. Iliki ikitiwa, chai hupata ladha. Maziwa yakitiwa, chai huwa nzito ulimini. Lakini ile nguvu inayokukesha usiku haitoki katika iliki wala maziwa. Hutoka katika majani yenyewe, nawe huioni kwa macho wala huionji kwa ulimi. Biri nayo vivyo hivyo ina ladha, ina uzito, na ina nguvu. Neno lililoandikwa juu ya kisanduku cha mzee wangu lilikuwa la mambo hayo tu. Lilisema kwamba ladha haichomi, moshi ni mwepesi, na nikotini si nyingi kama katika biri nyingine. Halikusema hata herufi moja juu ya mapafu yake.

Hapo ndipo penye hatari, wasikilizaji. Sigara moja ya karatasi haifikishi gramu moja ya tumbaku. Biri kubwa moja huanzia gramu 5, na nyingine hufika 17 na kupita. Maana yake biri moja "isiyo kali" yaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Mwaka 1998 taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani ilitoa taarifa kubwa juu ya biri peke yake, ikaonyesha kwamba moshi wake huleta saratani ya kinywa, ya koo, ya umio na ya mapafu. Moshi wa tumbaku iliyolimwa kivulini una sumu kama moshi wa tumbaku iliyolimwa juani. Kitambaa cha hema hulainisha jani; hakisafishi moshi.

Tena kumbukeni ile tofauti ya tumbaku ya mabomba na tumbaku ya upepo. Moshi wa sigara ya karatasi una asidi, kwa hiyo nikotini yake huingia mwilini hasa kwa njia ya mapafu. Moshi wa biri hauna asidi hiyo, kwa hiyo nikotini yake hupenya katika ngozi laini ya kinywa, hata kwa mtu asiyemeza moshi. Basi yule asemaye, "Mimi natia kinywani tu," hajajikinga na uraibu.

Na liko jambo jingine, ambalo ndilo lililonitia hofu kwa ajili ya mzee. Mtu asiyevuta sigara kamwe, akipewa biri kali, hukohoa na kuitupa. Lakini aliyevuta sigara miaka mingi amezoea kuingiza moshi kifuani. Akipewa biri, kifua chake hufanya kama kilivyozoea, bila yeye kujua. Akipewa biri pole, haikohozwi wala hairudishwi. Huingia mpaka chini. Kwa mtu wa namna hiyo ukali ni mlinzi mlangoni, na upole ni mgeni mwenye tabasamu anayemfungulia mwizi. Wahenga walisema, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Nilimweleza mzee mambo haya yote, tukiwa tumekaa chini ya mwembe wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kisanduku, akatoa biri moja, akaipitisha chini ya pua yake polepole, akafumba macho.

"Ni kweli," akasema. "Mbao na nyasi kavu. Waliofanya kazi hii ni mafundi."

"Ni mafundi hasa, mzee," nikamjibu.

"Lakini ufundi wao hautanirudishia kifua."

"Hautakurudishia."

Akairudisha ndani na kufunga kisanduku. Siku hizi kisanduku kile kimejaa hati za shamba lake, nazo hunukia vizuri kuliko hati zote za kijiji. Biri zenyewe sikumwuliza zilikwenda wapi, maana mtu mzima haulizwi mara mbili. Ila najua kwamba nikipita jioni, sisikii akikohoa kama zamani.

Basi nanyi, hasa mlio wasomaji wa nyumba zenu, ambao wazee huwaletea karatasi, chupa na visanduku mwasomee: msifasiri neno mkaliacha njiani. Akikuuliza mtu, "Limeandikwaje?" mwambie lilivyoandikwa. Kisha mwambie linasema juu ya nini, na ni juu ya nini halikusema. Kazi ya mkulima wa Connecticut, ya mvundikaji na ya mkunjaji yastahili kuheshimiwa, na ladha yake ni ya kweli. Lakini upole wa ulimini hausemi habari za kifuani.

Kwaherini, wasikilizaji wangu, mpaka tutakapokutana tena.